Siku Kumi na Moja za Simu Bubu

"Umenirudishia maiti, Adriko! Maiti iliyooshwa ikanukizwa. Siku kumi na moja nimetembea nayo kifuani, nami sina habari kwamba nimebeba mfu!"

Medina aliyasema hayo kabla ya kuketi, kabla ya kusalimu, mkoba ukiwa begani na vumbi jekundu la barabara ya Koboko likiwa bado kwenye kope zake. Simu aliibwaga juu ya meza ya fundi, katikati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakasogea pembeni, kama watu waliomwona ng'ombe mkali amekata kamba.

"Mama Ramathan, salamu kwanza," alisema Adriko.

"Salamu nimeziacha Koboko. Ulisema utavunja kufuli la ndani, utoe takataka, simu iwe nyepesi. Sawa, imekuwa nyepesi. Hata kibuyu kitupu ni chepesi. Lakini haipigi! Jana nimeitia salio, imelitema. Nimejaribu kumpigia mteja, hata kulia haikulia. Kawa langu mke wako analifunikia ugali tangu siku ile, na mimi nimepata nini?"

Adriko akaiwasha simu, akatazama pembe ya juu ya kioo, pale penye alama ya mtandao. Akabonyeza hiki na kile. Akajikuna shingo.

"Hii imeanza lini?"

"Tangu ulipoishika."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, mwanangu. Nikuhesabie kwa vidole?"

Adriko aliinua macho. "Mama, simu imekaa siku kumi na moja bila mtandao, na wewe hukuona?"

Hakusema kwa ubaya. Adriko ni mtu wa Onduparaka, mtaa wa hapa Arua. Nyumba yake ina watoto watano na redio mbili, na timu ya mtaa ikicheza, simu yake hulia mpaka inachemka: huyu anabishia penalti, yule anamlaani refa, mkewe Prossy anauliza kama chumvi imenunuliwa. Simu ya Adriko ikinyamaza nusu saa, ataifungua aone imekufia wapi. Alishangaa tu, basi. Lakini neno la kweli halihitaji kutupwa kwa nguvu ili liumize. Medina, mwenye jibu kwa mtoza ushuru wa soko, jibu kwa shehe na jibu kwa mke wa shehe, alifungua mdomo asipate la kusema. Akaketi.

Turudi nyuma kidogo tumjue.

Medina ana miaka hamsini na minne, Mnubi wa Koboko, mjukuu wa askari aliyetoka Sudani na bunduki akafia huku na jembe. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akilala foleni pale mpakani Oraba kusubiri kuvuka kwenda Kaya, Sudani Kusini, na kifo hakikumsubiri kwenye foleni. Mwaka wa tisa huu. Mtoto ni mmoja, Ramathan, yuko Kampala kwenye godauni la saruji. Kazi ya Medina ni kushona makawa ya kufunikia chakula, yenye duara nyekundu na zambarau. Anaanzia kwenye kitovu, anazunguka, anazunguka, akifika ukingoni wiki imekwisha. Mkono wake unajulikana hadi Arua. Ila kawa ni kazi ya mtu aliyeketi peke yake, na anayeketi sana peke yake huishia kugombana na sindano.

Simu aliletewa na Ramathan, Idi ya mwaka juzi. Simu ya bei ya chini, mgongo wa plastiki, kumbukumbu ndogo kama kibaba. Na kibaba chenyewe kilikuja kimejaa: michezo asiyoijua, hali ya hewa ya miji asiyoisikia, duka la nguo za watu wembamba, na kidude kimoja cha kamari kinachojitokeza chenyewe bila kuitwa. Ukitaka kuvifuta, simu inakataa, maana waliovitia kiwandani walivifungia humo. Ni kama kupanga nyumba, ukakuta vyumba vimejaa masanduku ya mwenye nyumba, na ufunguo anao yeye. Medina akipiga picha mbili za kawa amtumie mteja, simu inamwambia nafasi imejaa.

Hata hivyo angevumilia, isingekuwa hitima ya jirani. Watu wameinamisha vichwa, dua imefika mahali pa kulia, simu ikapiga tarumbeta kifuani mwa Medina: "Hongera! Umeshinda!" Shehe alikatiza dua. Wafiwa wakageuka. Medina aliibonyeza kila mahali, na kila alipobonyeza akatokea mwanamke mwingine mwenye nguo pungufu.

Kesho yake, Alhamisi, alikuwa Arua kwa Adriko.

"Kuna njia moja," fundi alimwambia. "Inaitwa kuruti. Simu hii, mama, wewe uko mpangaji tu. Nikiiruti, unakuwa mwenye nyumba. Unafuta unachotaka."

"Na inafaa?"

Hapa tumpe Adriko haki yake: hakudanganya. Alimwambia kwamba simu ya bei ile, kuiruti ni kama kumnunulia mbuzi kitanda. Shida kubwa, raha kidogo. Kwamba kufuli likivunjwa tu, simu inajifuta yote iliyo nayo. Kwamba mambo ya benki hayaipendi simu iliyovunjwa kufuli. Kwamba kazi ikienda kombo, hakuna wa kumshitaki. "Nunua kadi ya kumbukumbu, futa picha za zamani, matangazo yavumilie. Ungekuwa mama yangu ningekwambia hivyo."

"Mimi si mama yako, na simu ya mama yako haikupiga tarumbeta hitimani. Vunja."

"Vitafutika vyote, mama."

"Nina nini humo? Picha za makawa niliyokwisha uza."

Wakapatana ujira: kawa moja kubwa la kumpa Prossy. Adriko akavuta kutoka mtandaoni roho mpya ya kuitia simu. Lakini simu za bei ya chini huzaliwa pacha. Kwa nje hii na hii ni moja, kwa ndani kila moja na damu yake, na Adriko alivuta roho ya pacha. Alipomaliza, simu iliwaka, ikawa safi, ikaimba. Kilichobaki kilikuwa kurudisha laini na kupiga simu moja ya kujaribu. Hakupiga. Mpira ulikuwa unaanza saa kumi.

Medina akarudi Koboko na simu tulivu. Ee, utulivu ule! Aliiweka mkekani karibu na goti, akashona, na hakuna aliyempongeza kwa ushindi asiocheza. Haikulia asubuhi, haikulia adhuhuri. "Hii ndiyo ruti," alijisifu mbele ya sindano zake. Alidhani kimya ndicho alichokilipia.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Ramathan humpigia Ijumaa baada ya swala. Ni desturi, si sheria, na Ijumaa za kurukwa zilikuwa zimezidi kuwa nyingi. Haikulia. Ana kazi, mama alisema. Ijumaa ya pili aliibeba simu hadi jikoni, akaiweka juu ya kifuniko cha mtungi, akaosha sufuria moja mara mbili ili masikio yasiende mbali. Haikulia. Yeye mwenyewe hapigi. Ana kanuni yake: mtoto humtafuta mama, mama hamfukuzii mtoto simu kama mdai. Basi kanuni ikakaa upande mmoja wa mkeka, yeye upande wa pili, wakatazamana.

Na wengine? Wengine ni nani? Kwa miaka kumi na mitano alikuwapo Driwaru.

Driwaru ni mkulima, ameolewa huko Midia. Ndiye aliyekuwa akimletea Medina majani ya mkindu ya kushonea. Kila Jumatano ya soko aliutua mzigo, akaketi mkekani, wakanywa chai na kuwasema watu mpaka kivuli kigeuke. Huyu wa kwaya, yule wa msikiti, birika moja. Kisha, miaka miwili iliyopita, panya walimlia Driwaru mbegu zake za simsim, yaani ufuta, na Medina akamkopesha zake, beseni moja, lile la bluu lililobanduka rangi mdomoni. Akalitoa kwenye msumari wake ukutani, akalijaza, akampa na beseni lenyewe.

Kwa watu wa nyumba ya Driwaru, mbegu ina adabu zake. Ya chakula unaweza kurudisha kwa maneno. Ya kupanda hurudishwa kwa beseni lile lile, imejaa hadi ifanye kilima juu. Na mwenye deni la mbegu haingii mlango wa mwenye mbegu mikono mitupu. Bora azunguke njia ya nyuma. Mwaka ule jua liliunguza. Mwaka uliofuata mavuno yalikuwa kiganja, watoto wakayala. Driwaru akaanza kuzunguka njia ya nyuma. Mkindu ukawa unaletwa na mtu wa bodaboda, umefungwa vizuri, bila salamu.

Medina angeweza kumaliza mambo kwa maneno mawili: yamekwisha, njoo. Badala yake alisimama sokoni akasema, watu wakisikia, "Kuna watu ukiwapa mbegu, zinaota miguu!" Soko zima likacheka. Kabla jua halijatua maneno yalikwisha fika Midia, maana maneno hayapandi boda. Tangu siku hiyo msumari ukabaki mtupu ukutani, na Jumatano ikawa siku kama Jumanne.

Sasa tumrudie pale kibandani, ameketi kwenye benchi.

Adriko aliona amegusa kidonda, akaanza kueleza haraka haraka. Kila simu ina namba yake yenyewe ya kuzaliwa, tarakimu kumi na tano. Mnara ukiiuliza, "Wewe nani?" simu hutaja namba ile ndipo ipewe njia. "Nilipoitia roho ya pacha, namba ilifutika. Mnara unauliza, simu yako haina jina la kutaja. Kosa ni langu, mama. Siku ile ningepiga hata simu moja ningeliona."

"Kwa hiyo mpira ndio ulioniua."

"Na tulifungwa."

"Mungu hamfichi mtu."

Wateja wa benchini wakacheka, na hata Medina mdomo ulimcheza kidogo. Adriko akatoa betri atazame kikaratasi cha chini yake. Jasho la kifua cha Medina lilikuwa limekifuta, hakuna tarakimu inayosomeka. "Boksi lake ulilitupa?"

Medina aliinuka kutoka benchini. Alifungua mkoba, akatoa boksi la karatasi lililochakaa, akamwaga mezani sindano, uzi na vipande vya mkindu. Ubavuni, tarakimu kumi na tano zilikuwa pale, nyeusi, nzima. Boksi la mwanawe angelitupa vipi?

"Saa moja," alisema Adriko. "Ila nikuulize. Nikiirudishia roho yake ya kiwandani, kazi ni ya uhakika, lakini takataka zote zinarudi. Kamari, wanawake, tarumbeta. Nikitafuta njia ya kuiacha ilivyorutiwa..."

"Rudisha takataka."

"Mama?"

"Zirudi zipige kelele. Angalau nitajua iko hai."

Adriko akachomoa laini, akamwonyesha. "Basi nikuwekee kwenye kisimu changu hiki cha kitochi kwa sasa, ili ujumbe wako uingie. Yaliyokusubiri siku zote hizi yatakuja yenyewe, na waliokupigia utawaona."

Laini ilikuwa kiganjani mwa fundi, ndogo kama ukucha. Medina akaunyakua mkono wake. "Ngoja kwanza."

Maana hapo ndipo alipoliona jambo lenyewe. Mpaka dakika ile, huenda alipigiwa. Huenda Ramathan alipiga Ijumaa zote mbili, akapiga Jumamosi kwa wasiwasi, akauliza kwa majirani. Simu mbovu ilikuwa imemtunzia hilo: kutojua. Laini ikiingia, atajua. Na kama hakuna mtu, basi hakuna mtu, na hapatakuwa tena na fundi wa kumlaumu.

"Mama Ramathan?"

"Tia," alisema. "Kufa ni mara moja."

Kitochi kikawaka, kikatafuta, kikatulia. Kisha kikaanza: ti, ti, ti, ti. Medina alikishika mbali na macho akasoma kwa mdomo. Kampuni ya simu inampa ofa. Kampuni inamkumbusha ofa. Bahati nasibu inamwambia amebakiza hatua moja. Ofa. Ofa. Kisha taarifa za waliompigia asipatikane. Akateremka, akateremka, akafika mwisho. Akapanda tena juu polepole, kama mtu aliyedondosha sindano mkekani.

Ramathan hakuwamo.

"Labda wa kwake umechelewa njiani," alisema Adriko, macho kwenye bisibisi.

"Wa bahati nasibu haukuchelewa."

Lakini taarifa zilikuwapo, tisa, zote za namba moja. Haikuwa na jina, kwa kuwa jina lilikuwa limeandikwa ndani ya simu, na Adriko alilifagia pamoja na takataka. Medina hakuhitaji jina. Namba ile aliijua kama anavyoijua njia ya kisimani. Mara tisa. Ya mwisho ilikuwa jana asubuhi, kabla ya kanisa.

Kanuni yake ilikuwa ya watoto. Haikusema lolote juu ya marafiki. Akabonyeza.

"Nani?" Sauti ilikuwa kavu, na nyuma yake kuku wakigombana.

"Ni mimi."

"Medina? Si ulikataa simu yangu?"

"Nani kakataa?"

"Mimi nilipiga, dada, nilipiga! Siku ya kwanza nikasema, iko kwenye swala. Siku ya pili nikasema, iko sokoni. Siku ya tano nikasema, ah, mutu gani anaswali siku tano? Huyu amenikata. Jana nikasema, ya mwisho hii, nisimsumbue tena."

"Simu ilikuwa imekufa, Driwaru. Fundi aliiua."

"Imekufa siku zote hizo na hukujua?"

Lilikuwa swali lile lile la Adriko. Safari hii Medina alikuwa na jibu, na lilitoka lenyewe, bila makali.

"Hakuna aliyekuwa akinipigia, dada. Ningejuaje?"

Adriko aliinama zaidi juu ya kazi yake.

"Mimi nilikuwa napiga," alisema Driwaru.

Kisha akasema alichokuwa amekipigia mara tisa. Simsim imekubali mwaka huu. Iko ndani, imepepetwa, beseni la bluu limeoshwa. Alitaka kuuliza tu kama mlango bado uko wazi, maana kuja na deni kichwani na kukuta umefungiwa, hiyo aibu asingeweza kurudi nayo Midia.

"Jumatano ni lini?" aliuliza Medina, kana kwamba hajui.

"Kesho kutwa."

"Basi nitanunua sukari."

Simu ilipokuwa tayari, Adriko alisema safari hii watapiga ya kujaribu. Medina akavunja kanuni, akamtajia namba ya Ramathan. Ikalia. Ikapokelewa, na nyuma yake lori lilikuwa likishusha mizigo. "Mama! Uko salama? Niko kazini, nitakupigia Ijumaa." Hakujua chochote kuhusu siku kumi na moja, na mama yake hakumwambia. "Inafanya kazi," alimwambia fundi, akaitia kifuani. Adriko hakutaka ujira, naye hakumlazimisha. Lakini alimwachia kipande cha kitambaa afutie vile vioo vyake vichafu.

Jumatano Driwaru aliingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa amekonda, na Medina alimwambia hivyo kabla ya karibu. "Na wewe umenenepa kwa kukaa," alijibu mwenzake, akatua beseni mkekani. Simsim ilikuwa imejaa hadi mdomo, na juu ya mdomo kilima kirefu. Namna alivyokibeba kilomita zote zile kisimwagike, yeye ndiye ajuaye.

Medina akaweka kiganja ukingoni, akakipangusa kilima chote, kikaanguka juu ya kanga aliyoitandaza. "Hiki rudi nacho. Kwetu ziada ya deni ni riba."

"Kwetu kurudisha mbegu bila kilima ni matusi."

"Basi nitukane."

"Nianze lini? Wewe ulianza mwaka jana, sokoni."

Medina akatazama chini. "Yalifika?"

"Yalifika yakiwa bado moto."

"Nilisema vibaya, Driwaru."

"Ulisema vizuri sana, ndiyo maana watu walicheka." Driwaru aliketi, akanyoosha miguu. "Na kweli ziliota miguu. Si hizi zimerudi zenyewe?"

Wakabishana juu ya kilima mpaka maji yakachemka. Mwishowe hakikuwa cha mdai wala cha mdaiwa: walikimwaga kwenye kikaango, wakakikaanga hadi kikaanza kurukaruka, wakakila chote na chai. Katikati ya kikombe cha pili simu ikapiga tarumbeta, ikampongeza Medina kwa ushindi. Driwaru alishtuka nusura amwage chai. Hakuna aliyeizima.

Kivuli kilipogeuka, Driwaru akafunga kanga yake, akaondoka kuwahi njia ya Midia. Nyumba ikarudi katika kimya chake. Medina akamimina simsim chunguni, akalipangusa beseni ndani na nje, akalitundika kwenye msumari wake.